Kurudi Istanbul baada ya miaka 11: nirudi vipi?

Mwanahawa_K

Wapendwa, habari zenu. Hili jambo nimelibeba tangu mwaka jana, sasa naona bora niliseme hapa, maana najua humu wamo waliosoma Istanbul na wamo wanaoipita kikazi.

Niliishi kule kuanzia Septemba 2012 hadi Juni 2014, nikiwa mwanafunzi. Nilipanga chumba Kadıköy, upande wa Asia, kwa mama mmoja mjane ambaye mtaa mzima ulimwita teyze, neno lao la dada wa mama. Siku ya kwanza alinifungulia mlango akasema, "Sen misafirsin." Mimi nikasikia msafiri. Kwa Kituruki changu cha wiki tatu nikamjibu hapana, sisafiri, nimekuja kukaa. Akacheka, akanivuta mkono hadi jikoni, akanikalisha mbele ya bakuli la supu ya dengu nyekundu na kipande cha limau. Baadaye darasani ndipo nilipojua kwamba misafir kwao ni mgeni. Neno ni moja, sisi na wao tumelitoa kwenye Kiarabu, ila sisi tulimtazama mtu angali njiani, wao wakamtazama alipofika mlangoni.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa namuuguza mama yangu mzazi. Alifariki mwaka jana. Tangu hapo nafanya kazi, nakula, nalala, lakini ladha ya vitu imeniondoka. Watu wananiambia pumzika, nami sijui mtu anapumzikaje. Kitu pekee kinachonijia chenyewe bila kukiita ni kile kivuko cha asubuhi cha Kadıköy kwenda Eminönü, upande wa Ulaya. Nilikuwa nakaa nje, benchi la kushoto. Stesheni ya Haydarpaşa inabaki upande wa kulia, halafu taratibu upande wangu zinajitokeza bustani za kasri la Topkapı, kuba la Ayasofya, minara. Mwuza chai anapita na sinia. Chai yao huja kwenye bilauri ndogo iliyobana kiunoni, na unaishika kwenye ukingo wa juu kwa ncha za vidole kwa sababu tumbo lake linaunguza. Vipande viwili vya sukari kando. Ni safari ya dakika 20 tu, ila nilikuwa nashuka upande wa pili nikiwa mtu mwingine.

Nina likizo ya wiki tatu mwezi wa Oktoba na nimeweka akiba. Nataka kwenda peke yangu. Maswali yangu ni haya: je, ni busara kurudi mahali ulipopapenda ukiwa na miaka 28, sasa una 39 na umefiwa? Nikae wapi? Na nifanye nini ili wiki tatu zisiishie kwenye kupiga picha misikiti? Simu ya teyze haipatikani tangu 2019. Nikifika nifanyeje, niende tu nikabishe hodi?

Baharia_Mstaafu

Dada Mwanahawa, pole sana kwa msiba, Mungu amrehemu mama.

Nimepita mlangobahari wa Bosphorus kwa meli za mizigo kwa miaka mingi, na nilipostaafu nimerudi mara nne kwa fedha yangu. Ninayokwambia ni ya mtu anayeupenda mji huo.

Oktoba umechagua vizuri. Marufuku ya nyavu kubwa kwenye bahari zao huisha mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo utakuta samaki. Palamut anatangulia, kisha lüfer, ambaye watu wa Istanbul wanamzungumzia kama ndugu wa familia. Usimle kwenye mikahawa iliyo chini ya Daraja la Galata, pale wenye kuvutana na wapita njia. Ingia soko la samaki la Kadıköy, chagua mwenyewe. Ukitaka hamsi, dagaa wao wa Bahari Nyeusi, hao wananoga baridi ikiingia kabisa.

Kukaa: rudi huko huko upande wa Asia. Kadıköy au Üsküdar, au kama unataka utulivu, Kuzguncuk, kile kijitaa cha miti mikubwa ambako msikiti na kanisa vimesimama ubavu kwa ubavu. Sultanahmet ni pa kutembelea, si pa kuamkia. Mtu anayetafuta nafsi yake asilale mahali ambapo kila asubuhi anauziwa zulia.

Kuna siku upepo wa kusini, wanauita lodos, unakatiza vivuko. Usihuzunike. Enda kituo cha Ayrılık Çeşmesi, panda treni ya Marmaray ipitayo chini ya bahari, utatokea Sirkeci. Jina la kituo hicho maana yake ni Chemchemi ya Kuagana. Hapo ndipo misafara ya mahujaji ilipokuwa ikiagana na jamaa zao kabla ya kuanza safari ndefu ya kwenda Makka. Kaa pale kidogo. Sitasema zaidi.

Nuru wa Jioni

Mimi nitasema upande wa pili, na nasema kwa upendo. Nilirudi Istanbul mwaka 2023 baada ya miaka tisa, nikalia barabarani Istiklal saa nne ya asubuhi. Duka la vitabu nililokuwa nashinda limekuwa la simu. Mkahawa wa kona haupo. Bei zilinishtua, mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 85 Oktoba 2022 kwa takwimu zao rasmi, na wenyeji wenyewe walikuwa wamechoka usoni. Ayasofya niliyoijua kama makumbusho ni msikiti tena tangu Julai 2020, na siku hizi mtalii hulipa euro 25 kupanda roshani ya juu.

Kosa langu lilikuwa kwenda na orodha. Nilikuwa nakagua, kama mwenye nyumba aliyerudi kuhesabu vyombo. Kila nilichokikosa nilikihesabu hasara.

Na kuhusu nyumba ya teyze, jiandae. Baada ya tetemeko la Agosti 1999 serikali ilianza kuhofia majengo ya zamani, na ilipotoka sheria ya 2012 ya majengo hatarishi, Kadıköy imebomolewa na kujengwa upya mtaa kwa mtaa. Unaweza kufika ukakuta jengo jipya lenye lifti na majina usiyoyajua kwenye kengele. Enda, lakini enda mchana, siku ya pili au ya tatu, si siku ya kwanza ukiwa na uchovu wa ndege.

Mwanahawa_K

Nuru, asante. Nimesoma ulivyoandika mara mbili, na hilo la kuhesabu vyombo limenigusa kweli kweli, kwa sababu orodha tayari ninayo. Ina vitu 31. Nimeikunja nimeiweka droo.

Baharia, mimi nilipita Ayrılık Çeşmesi pengine mara mia na sikuwahi kuuliza jina lina maana gani.

Niongeze jambo. Chakula ninachokitamani si kebabu. Ni maharage. Mbele ya Msikiti wa Süleymaniye kuna safu ya vijimkahawa vinavyopika kuru fasulye, maharage meupe yaliyochemshwa polepole hadi mchuzi unakuwa mzito na mwekundu, na wali wa siagi pembeni, na achari. Nilikuwa nakwenda Ijumaa. Mpishi ukimwambia "eline sağlık", afya iwe mikononi mwako, anaweka mkono kifuani na kukujibu "afiyet olsun", chakula kikupe afya. Mama yangu alipokuwa hawezi tena kula mwenyewe, kila nikimlisha kijiko nilikuwa nasema moyoni afiyet olsun. Sijui kwa nini kwa lugha ile. Labda kwa sababu kwa lugha yangu ningelia.

Ebru_na_Wino

Dada, nimeona hapo kwenye swali lako la "nifanye nini", na wenzangu wamekujibu pa kula na pa kulala. Mimi nakujibu hilo moja tu: jifunze kitu cha mkono, mahali pamoja, kwa mwalimu mmoja, wiki zote tatu.

Mimi nilijifunza ebru, ule uchoraji wa juu ya maji, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014. Nilikuwa nimeachika, nimechoka kusimulia. Mwalimu hakuniuliza chochote. Alinipa trei ya maji yaliyotiwa gundi ya kitre hadi yakawa mazito kidogo kuliko maji ya kawaida. Rangi huchanganywa na nyongo ya ng'ombe, ndiyo inayozifanya zitandae juu bila kuzama. Brashi ni manyoya ya mkia wa farasi yaliyofungwa kwenye kijiti cha mwaridi. Hupaki. Unashika brashi juu ya trei, unaigonga kwenye kidole cha mkono wa pili, na matone yanaanguka. Tone linafunguka kama jicho. Nyongo ikizidi linakimbia hadi ukingoni, ikipungua linadidimia.

Ukiridhika, unalaza karatasi kuanzia pembe moja, polepole, hewa isibaki chini. Ikibaki, pale pana tundu jeupe na hakuna kurekebisha. Kisha unaivuta juu ya ukingo wa trei, na picha iko kwenye karatasi, na maji yako wazi. Hairudiwi. Karatasi ya pili haitafanana na ya kwanza hata ufanye nini.

Karatasi kumi za mwanzo zitakuharibikia. Üsküdar na Sultanahmet wapo walimu wanaochukua mtu mmoja mmoja. Usichukue darasa la watalii la saa moja, mwombe mwalimu siku tatu kwa wiki.

Baharia_Mstaafu

Naunga mkono. Na ukiwa unatoka Süleymaniye baada ya maharage yako, usishuke moja kwa moja. Kwanza tafuta kaburi la Mimar Sinan, fundi aliyeujenga msikiti huo ukakamilika 1557. Liko nje ya ukuta, kwenye pembe ya njia mbili, dogo kabisa. Sultani amelala ndani ya bustani chini ya kuba, na aliyeinua kuba amelala barabarani. Halafu tembea hadi Vefa, kwenye duka la boza lililopo tangu 1876. Boza ni kinywaji kizito cha nafaka iliyochachushwa, kitamu na kikali kidogo, kinanyunyiziwa mdalasini. Leblebi, zile dengu kubwa za kukaanga, nunua duka la ng'ambo ya njia, uzimwage juu, ule kwa kijiko.

Mwanahawa_K

Naandika kutoka Kadıköy, leo ni siku ya kumi na mbili. Niliahidi nitaleta habari.

Nilikwenda kwa teyze siku ya tatu, mchana, kama Nuru alivyoshauri. Jengo halipo. Pamesimama jipya la ghorofa saba, rangi ya kijivu. Nilisimama. Mwuza mboga wa chini, kijana ambaye wakati wangu alikuwa mtoto anayemsaidia baba yake, alinitazama sana kisha akasema, "Wewe ndiye yule mgeni wa ghorofa ya tatu." Alisema misafir. Teyze alihamia İzmir kwa binti yake kabla ya ubomoaji, na alifariki miaka miwili iliyopita. Kijana akanipa kiti cha plastiki na bilauri ya chai, nikakaa kati ya masanduku ya nyanya na mabiringanya labda saa nzima. Hapo ndipo nililia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilimlilia teyze na nilimlilia mama, na sikujua ni yupi ninayemlilia. Kijana aliendelea kupima nyanya. Bilauri ilipoisha aliijaza bila kuniuliza.

Kivuko kipo. Benchi la kushoto lipo. Sijapanda kila siku kama nilivyodhani ningefanya. Kuna asubuhi nimebaki Kadıköy nikaenda soko la Jumanne kununua jibini na zeituni, nikarudi kula dirishani. Maharage ya Süleymaniye nimeyala mara mbili. Mara ya kwanza sikuyasikia ladha. Mara ya pili, juzi, nilisikia chumvi, siagi, pilipili kavu, kila kimoja peke yake, nikaagiza sahani nyingine. Ni kweli, bei imepanda sana. Nililipa bila kuhesabu.

Ebru_na_Wino, nimepata mwalimu Üsküdar, mama wa makamo asiyependa maneno. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Karatasi kumi na nne zimeharibika. Ya kumi na tano ina tundu jeupe pembeni, lakini katikati kuna tone la bluu lililofunguka vizuri, na mwalimu alilitazama akasema "güzel", yaani nzuri, kisha akaenda kunawa mikono. Nimeibandika ukutani chumbani.

Sasa nauliza: kitre hapa naipata kwa wauza dawa za asili wa Eminönü, ikiwa vipande vikavu. Nikirudi nayo nyumbani itadumu muda gani kabla ya kuharibika? Na nyongo ya ng'ombe, mwalimu anaiuza kwenye kichupa, je uwanja wa ndege watanipitisha nayo kwenye begi kubwa?