Walimu tupeane uzoefu: kusoma vitabu, kufundisha watoto kusoma, na huu mshahara

Ticha wa Kata
Habari zenu walimu wenzangu na wadau wote wa elimu. Mi nafundisha Kiswahili sekondari ya kata huku Rukwa, na kuna jambo linanikaa moyoni nataka tuliongee kwa uzoefu. Kila siku tunasikia watoto wa siku hizi hawasomi, wako bize na simu. Mi naona kabla ya mtoto tuulize mwalimu wake anasoma saa ngapi na kwa hela ipi.

Tupige hesabu ya mshahara wa laki nane. Bodi ya mikopo wanakata asilimia 15 ya deni la chuo, laki na ishirini hiyo imeenda. PSSSF (mfuko wa pensheni) 40,000, bima ya afya 24,000, chama cha walimu asilimia 2 ni 16,000, PAYE (kodi ya mshahara) kama 68,000. Unabaki na 532,000 na hapo sijagusa mkopo wa benki, na walimu wasio na mkopo wa benki ni wa kuhesabu. Toa kodi ya nyumba, toa ada ya mdogo wako, mama kijijini kapiga simu mguu umevimba. Riwaya mpya kuagiza Dar na kuitumia basi ni elfu 20 hivi, hiyo ni unga wa wiki nzima nyumbani.

Mi ninachofanya, dakika kumi za kwanza za kipindi nasoma hadithi kwa sauti, afu nakatisha pale pale patamu. Aisee! Kengele ikilia wananifuata mpaka ofisini kuomba kitabu, na kitabu chenyewe ni nakala yangu moja, jalada nimelivalisha karatasi ya mfuko wa simenti, nyuma ya daftari nina foleni ya majina ya wanaokisubiri. Kuna binti wa form two alikua hasomi hata swali la mtihani bila kukwama, sasa hivi yeye ndo ananisomea darasa mi nimekaa. Ila ili nilipe ada ya mdogo wangu jioni naendesha boda, nikirudi saa tatu usiku macho hayaoni mstari, na vitabu vipya vya kuwasomea vimeniishia. Wenzangu mnafanyaje?

Madam wa Darasa la Pili
Mwalimu mwenzangu umenigusa sana. Mi niko msingi, watoto zaidi ya mia darasa moja, tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto walikuja wengi na ni jambo jema kabisa mtoto wa maskini kuwa shule, ila madawati na walimu havikuongezeka kwa kasi ile. Vitabu vipo stoo vimefungiwa, kikipotea kimoja mwalimu mkuu anaulizwa, kwahiyo vinabaki visafi na mtoto hajui kusoma. Nlichofanya nimechora hadithi fupi fupi kwenye manila, herufi kubwa, nimezitundika kwenye kamba ukutani kama nguo. Kila asubuhi kabla ya namba wanasoma kamba moja kwa sauti. Manila na maka peni natoa mfukoni kwangu kila mwezi. Wakuu wa shule wana posho ya madaraka na wanastahili, ila ile posho ya kufundishia tunayoidai miaka yote mbona hairudi? Mi ingenitosha kununua manila na kuacha kuuza maandazi recess.

Mzee wa Private
Msidhani huku kwetu kuna nafuu. Maktaba ipo, imejaa vitabu vizuri mpaka raha, ila kipindi cha maktaba kwenye ratiba kinaliwa na mitihani ya majaribio maana mzazi anataka A. Mshahara haujui tarehe, likizo ya Desemba unalipwa nusu, mkataba wenyewe wengine hatujauona. Mwalimu anaishi anawaza mwakani atakuwepo au la, huyo utamwambia aanzishe klabu ya usomaji ya miaka mitatu? Mi nilianzisha, wakaniambia inakula muda wa remedial, yaani masomo ya ziada.

Mwalimu wa JSS
Salamu kutoka Kilifi. Huku Kenya sisi tulianza JSS (sekondari ya chini) kama intern, yaani walimu wa mafunzo kazini, shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya kukatwa, digrii ile ile na vipindi vile vile na mwenzako wa kudumu mnaokaa meza moja. 2024 tukagoma na kuingia barabarani wiki nyingi. Nilikuwa nafundisha lugha na sina hata bundles za kudownload hadithi moja niwasomee. Watoto wanajua jamani. Mwalimu akiwa na mawazo ya rent anasoma kama anayekimbizwa, na wao wanasikia.

Baba Wawili
Naomba nitofautiane kidogo. Mbona mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini huku Tanzania kilitoka 370,000 hadi 500,000, nyongeza ya asilimia 35.1? Na nawajua watu wenye mishahara minono nyumbani hawana hata kitabu kimoja. Kusoma ni tabia, sio pesa.

Ticha wa Kata
Baba Wawili asante, ni hoja ya haki. Ila hiyo 35.1 ni ya kima cha chini, sio kila daraja lilipata hivyo, uliza mwalimu yeyote mwenye miaka kumi kazini. Na kuhusu tabia, nakubali mwenye hela anaweza asisome. Mi nazungumzia mwalimu ambaye tabia anayo tayari, usiku wake ndo ameuuza. Huyo ukimlipa vizuri unamrudishia saa mbili za jioni, na zile saa mbili zinaingia darasani kesho yake asubuhi, nimeliona hilo mwenyewe kila boda ikiwa gereji.

Madam, hizo manila zako naomba unitumie picha inbox, shule ya msingi ya jirani yangu wanazihitaji sana. Na aliyeko Dar anayepita Posta kwa wale wauza vitabu vya mtumba, aniangalizie riwaya za Kiswahili mbili tatu, hata zikiwa hazina jalada sawa tu ilimradi kurasa zimetimia. Mshahara ukitoka natuma hela na ya basi.