Je, “urgent” ni dharura, haraka au hima?

Mchangiaji aliyetangulia ameshikilia kwamba neno la Kiingereza “urgent”, ambalo hapa Mombasa tunalikuta limepigwa muhuri juu ya bahasha na ilani za ofisini, lifasiriwe “dharura” popote litokeapo. Kwa heshima zote, sikubaliani naye.

Dharura ni neno zito. Limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa pia madhara na kudhuru. Ndiyo sababu masheikh wetu husema kuwa dharura huhalalisha yaliyoharamishwa, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Ambulensi ikifika Likoni hupishwa iingie ferini kwanza, na mwenye akili timamu hanung'uniki. Je, ilani ya kikao cha bajeti nayo ipishwe vivyo hivyo?

Wenye Kiingereza chao hawachanganyi mambo hayo mawili. Marekani zipo zahanati ambazo neno hilo hilo “urgent” limo katika jina lake, nazo hutibu kifundo kilichoteguka au homa isiyofaa kungojea wiki ijayo, ilhali aliyeshikwa na mshtuko wa moyo hukimbizwa hospitali, kwenye kitengo cha dharura. Basi “urgent” imekaa daraja moja chini.

Wanaopendekeza “haraka” nao wananitatiza. Asili ya haraka ni mwendo, kama ilivyo katika harakati, kwa hiyo humweleza mtendaji kuliko jambo lenyewe. Tena methali yetu imekwisha kuinyima baraka.

Tukirudi kwenye Kilatini, “urgent” imezaliwa na kitenzi chenye maana ya kusukuma na kubana, na kitenzi hicho hicho ndicho kilichowapa Waingereza neno lao la kuhimiza. Kumbe sisi tunayo hima, na himiza imetoka humo! Barua ya hima ni barua inayomsukuma mpokeaji asiiweke chini ya rundo.

Nakiri kwamba mahakamani ningeliacha “ombi la dharura” kama lilivyo, kwa kuwa mwombaji huko hueleza hasara itakayompata shauri likikawia, na hapo madhara yapo kweli. Lakini kwa bahasha za ofisini, anayeikataa hima atuambie ataweka neno gani mahali pake.