Kutega kaa gatini: tupeane uzoefu

Wadau, habari za majukumu. Kwetu Tanga, sasa niko karibu na San Francisco. Juzi nilikwenda gati la Pacifica na kamba, paja la kuku na ndoo. Kila nikivuta, kaa anakuja mpaka juu, akishatoka majini anaachia. Chubwi! Masaa manne. Mzee mmoja akanihurumia, akaniazima wavu wake wa pete mbili. Ule ukifika chini unalala bapa, kaa anapanda kula. Ukivuta, kingo zinanyanyuka anabaki ndani. Ila vuta kwa kasi moja, ukipumzika tu keshatoka. Niliondoka na wawili. Nyie mnategaje?

Mama Salim: Hongera! Mimi niliumbuka. Gati za umma California hazidai leseni, basi nikadhani ni shamba la bibi. Nimemtia ndoo kaa mnono wa aina ya Dungeness, afisa akaja na kipimo: gamba lifike inchi 5 na robo tatu. Langu 5 na nusu. Alinisema mbele za watu, kaa akarudi baharini. Nunua kipimo, ni kijiplastiki tu. Na ndani ya ghuba ya San Francisco Dungeness hachukuliwi kabisa, hata awe sinia. Huko tega wale wekundu wa mawe, kuanzia inchi 4.

MwanaGazi: Nyie mnasimama juu mkingoja! Sisi Gazi, pwani ya Kenya, kaa koko tunamfuata kwake mikokoni, maji yakipwa. Shimo lenye tope bichi mlangoni, mwenyewe yumo. Unaingiza mti wenye kulabu, unamvuta polepole, sio fujo zenu. Babangu alikuwa akimkanyaga mgongo, anamfunga magando kwa kamba ndipo amwinue. Mimi nilijitia ujuzi nikamfuata kwa mkono, nikiwa darasa la sita. Kidole cha shahada mpaka leo hakikunjiki sawasawa.

Bi Mwana: Niko Seattle. Huku leseni lazima hata ukiwa gatini, na Dungeness jike anarudishwa, awe mkubwa vipi. Mgeuze chali: dume kifuniko cha tumbo ni chembamba chenye ncha, jike ni kipana cha mviringo. Shemeji yenu mwaka mzima alikuwa anarudisha madume.

Mleta mada: Mama Salim, kipimo nimeshaagiza. Bi Mwana, mpe shemeji pole. MwanaGazi, huyo aliyekubana kidole aliishia wapi?

MwanaGazi: Chunguni. Na nazi.