Durham: TS-E 24 ya mtumba au 10-18 mpya? Naamua kabla ya Jumamosi

Kijiti
Wakuu, habari za humu. Naenda Durham, Uingereza, kupiga picha za kanisa kuu, ngome na madaraja ya mto Wear. Kuna lenzi ya Canon TS-E 24mm f/3.5L II, ile inayopandishwa bila kuinamisha kamera, ya mtumba, nimewekewa mpaka Jumamosi. Dukani ipo pia lenzi pana ya 10-18mm mpya, bei yake ni kipande tu cha ile nyingine. Sitaki picha za jengo lililolala chali, minara isimame. Nichukue ipi?

nuru_hafifu
Kamera gani? Mwezi gani? Una stendi? Bila hayo matatu tunapiga ramli.

Mzee Fremu
TS-E, wala usiulize tena. Jengo hulala chali kwa sababu umeinamisha kamera kuelekea juu. Ukiishika sawasawa, 24mm kwenye fremu nzima (kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24), kamera ikiwa mlalo, inaona nyuzi 26.6 tu juu ya usawa wa macho. Mnara wa kati una mita 66, kwa hiyo urudi nyuma mita 132 hivi. Pandisha lenzi milimita 12 unafika nyuzi 45: mita 66 zinatosha. Hukuinamisha kitu, hukukata kitu.

Kijiti
Samahani, nilisahau. Ni Canon 250D na 18-55 iliyokuja nayo. Safari ni Desemba, siku mbili.

nuru_hafifu
Sasa hesabu ya Mzee imebadilika. 250D ina kihisi kidogo, milimita 22.3 kwa 14.9. Hapo TS-E iliyopandishwa yote, kamera ikiwa mlalo, inafika nyuzi 39. Ile 10mm ukisimamisha kamera wima inafika 48 bila kupandisha chochote, na mnara wote unaingia ukiwa mita 60. Nusu ya chini itajaa nyasi, ikate nyumbani. Faili ya pikseli 4000 kwa 6000 ikibaki 4000 kwa 3500 ni megapikseli 14, unachapa sentimita 33 kwa 29 kwa nukta 300 kila inchi bila aibu.

Mzee Fremu
Na TS-E nayo si unaisimamisha wima? Inafika nyuzi 44, na megapikseli zako zote 24 zipo.

nuru_hafifu
Inafika, lakini upana je? Kwa mita 100 unapata mita 62 tu. Kanisa lile lina urefu wa mita 143. Utaunganisha picha tatu, kila moja kwa fokasi ya mkono maana TS-E haina otomatiki. 10mm kwa umbali huohuo inakupa mita 149, picha moja.

Mzee Fremu
Pembeni mwa hiyo 10mm minara inanenepa kama imevimba. Mnaita hiyo picha ya usanifu?

Bi Darubini
Wazee wangu, hizo mita zenu zote ni za kusimama Palace Green, uwanja wa mbele ya kanisa, na uwanja ule uko kaskazini mwake. Desemba jua la adhuhuri linapanda nyuzi 12 tu pale na liko nyuma ya jengo. Utapata kivuli kikubwa chenye kingo za mwanga, basi. Upande ule hupigwa na jua jioni za Juni, linapozama kaskazini-magharibi.

Kijiti, Desemba kazi yako iko chini mtoni. Simama Prebends Bridge, lile daraja lililomalizika 1778, utazame kaskazini: kinu cha zamani kando ya maji, juu yake minara miwili ya magharibi. Miti imepukutika, kwa hiyo kuta unaziona. Julai majani hufunika nusu. Jua linazama karibu 15:40, uwe umeshatega stendi saa saba na nusu mchana. Kingo za mto zimeinuka, kinu huingia kivulini mapema huku minara bado inang'aa. Ukichelewa tofauti ya mwanga inakuwa kubwa mno. Piga picha tatu za mwanga tofauti, -2, 0 na +2.

Na lenzi ya hapo? Hiyohiyo 18-55, kwenye 35 mpaka 55. Uko mbali, huna haja ya kuinamisha kamera. Hiyo pesa kanunue lenzi ya kuvuta mbali, 70-300, upige kanisa likiwa juu ya mapaa ya mji kutoka Wharton Park, karibu na stesheni.

Tajiri wa Pikseli
Naongeza onyo moja, maana kila anayekwenda mtoni anataka maji yawe kama maziwa. Msinunue filta ya giza ile ya kuzungusha kwa ajili ya lenzi pana. Ni vioo viwili vya polaraizi vimebebanishwa, na kwenye 10mm miale ya pembeni inavipita kwa mshazari, kwa hiyo giza halilingani. Kuna kazi ya siku nzima iliyokufa hivyo. Kwenye skrini ndogo ya kamera kila kitu kilionekana safi. Kwenye kompyuta likaonekana wingu jeusi lenye umbo la X katikati ya anga, na kadiri filta ilivyozungushwa kuelekea mwisho ndivyo X ilivyokolea. Kusafisha kwa brashi haikuwezekana, kwa sababu lile giza lilipita juu ya mawe ya mnara pia, na rangi ikageuka njano upande mmoja, buluu upande wa pili. Muuzaji akajibu kwamba filta haina kasoro, "ndivyo zilivyo". Na kweli ndivyo zilivyo, ila angesema kabla ya kupokea pesa!

Chukua filta ya giza lisilobadilika, stopu 6 (kila stopu hupunguza mwanga nusu). Sekunde 1/60 inakuwa sekunde moja: maji yanayomwagika kwenye kizuizi cha kinu, ule ukuta mfupi unaokatiza mto, yanabaki na nyuzinyuzi. Ya stopu 10 inakupeleka sekunde 17, maji yanakuwa moshi.

Kijiti
Na polaraizi ya kawaida kuondoa mng'ao wa maji?

Bi Darubini
Ndugu yangu, utafuta taswira ya kanisa mtoni, na ndicho ulichokifuata! Kabla ya kufika kwenye kizuizi maji yametulia, kukiwa hakuna upepo minara inaonekana mara mbili. Filta iache mfukoni.

nuru_hafifu
Ndani je? Nguzo za duara zina mzingo wa mita 6.6 na kimo kama hichohicho, zimechongwa zigizaga na misalaba ya mshazari. Hapo 10-18 haina mpinzani: f/4.5, ISO 3200, 1/30, kiimarishaji kimewashwa, simama katikati kabisa ya ukumbi. Stendi usiifungue kabla ya kuuliza walinzi.

Mzee Fremu
Kwa mwanga huo f/3.5 ya TS-E inaishinda f/4.5 yako. Haya, mimi nimesema. Tena kwa nini Durham na si York? Pale kuna kanisa kuu la Minster, kuta za mji, na mto Ouse.

Tajiri wa Pikseli
Ouse unafurika majira ya baridi, njia za kando ya maji zinazama. Ila reli ni hiyohiyo, alale York aamkie Durham. Treni inapita juu ya daraja la 1857 kabla tu ya stesheni, kanisa lote linaonekana. Kaa upande wa kulia.

Kijiti
Kulia nikiwa nimeelekea mbele? Tiketi yangu inasema kiti kinatazama nyuma.

Bi Darubini
Basi kushoto kwako. Dirisha la mashariki.

Mzee Fremu
Kioo cha treni kichafu hicho. Bora ashuke apige chini, na TS-E.