Bustani ya kikundi: vipi wenzetu wenye ulemavu walime kweli, wasiishie kukalishwa chini ya mwembe?

mama_wa_gando
Asalaam alaikum ndugu zangu. Nna suala, naomba msinicheke. Sisi huku Gando, Wete, Pemba, tuna kikundi cha kinamama na vijana, tumepewa kieneo pembeni ya skuli tulime mboga, mchicha, bamia, tungule, bilingani, za kula na nyengine za kuuza. Ndani ya kikundi wapo wenzetu wenye ulemavu, yupo ami mmoja anatumia ile baskeli ya kuzungusha kwa mikono, yupo mama haoni kabisa, yupo kijana kiziwi ambae kwa kazi anatushinda sote, na binti mwenye ualbino. Sasa kila tukikutana naona hawa (ukimtoa yule kijana) wanakalishwa kivulini wachambue mbegu, na kuna watu washaanza kusema si bora tuwe tunawapelekea mgao wao majumbani tu. Mie roho inaniuma maana wamejiandikisha kulima. Eneo lina mteremko, masika udongo wake unateleza vibaya, na kisima kiko chini kabisa. Wengine wanasema tujenge matuta ya juu, wengine wanasema magunia, na pesa zenyewe ndo hizo hizo za kuchangishana. Nianzie wapi?

fundi_mtambwe
Waalaykum salaam bi mkubwa. Anza na njia. Tuta baadae. Watu hukimbilia kujenga boksi zuri la tuta, wakapiga na picha, halafu mwenye kigari (kiti cha magurudumu) hata hafiki. Njia isipungue sentimita 90, ukipata 120 ndo raha, na pa kugeuzia kigari cha kawaida pawe mita moja na nusu kwa moja na nusu. Lakini hiyo baskeli ya mkono ya ami ni ndefu, hapo haigeuki, kwa hiyo usimfanyie njia inokwenda ikafia ukutani, ifanye izunguke, aingie huku atokee kule bila kurudi kinyumenyume.

Mteremko hesabu yake nyepesi, kila unapopanda sentimita 10 uwe umekwenda mbele mita 1 na sentimita 20. Kilima kikiwa kikali msikipande uso kwa uso, kikateni kwa ubavu. Kokoto tupu usimwage, magurudumu yanazama. Tafuteni kifusi laini cha mawe, kimwagiwe maji kishindiliwe, na juu ya njia upande wa kilima chimbeni mtaro, la sivyo masika ya kwanza tu imeondoka yote.

Haya tuta. Kwa mtu aliekaa, ukingo uwe sentimita 60 mpaka 75 kutoka chini. Mkono wa mtu aliekaa unafika kama 60, basi tuta la kufikiwa upande mmoja liwe na upana huo, la pande mbili 120. Hapa ndo wengi huumia: boksi la mita mbili na nusu kwa 120, kina 70, linakula udongo mita mbili za ujazo na zaidi, ukirowa ni tani tatu na kitu, nani wa kuubeba? Jazeni chini makumbi ya nazi na vigogo vya migomba, juu tieni udongo na samadi sentimita 30, mchicha unatosha hapo, tungule mzidishe kidogo. Litakuwa linashuka kila makumbi yakioza, mnaongeza tu.

kijana_wa_konde
Magunia jamani magunia! Chukua kopo la maziwa litoe kitako, lisimamishe katikati ya gunia, ndani ya kopo tia vijiwe, pembeni udongo na samadi, ukifika juu ya kopo livute juu ujaze tena mpaka gunia lijae, unabakiwa na nguzo ya mawe katikati, maji ukimimina hapo yanafika mpaka chini. Toboa ubavuni panda matembele na mchicha. Ami anaegesha baskeli yake ubavu kwa ubavu anachuma bila kuinama. Bei rahisi.

fundi_mtambwe
Sikatai ila gunia la plastiki jua la huku linalila, baada ya muda ukilishika linakatikia mkononi. Wafanye kwa kuanzia, halafu wakipata matofali wajenge mojamoja.

ustadh_chwaka
Mie n'taambiwa nna roho mbaya lakini wacha niseme. Kwani lazima kila mtu ashike jembe? Kuchambua mbegu nayo kazi. Kikundi kina pesa kidogo, mnataka mjenge njia na maboksi kwa ajili ya watu watatu, mboga zenyewe mtapanda lini?

sauti_ya_jangombe
Ustadh, mie sioni, hapa nilipo simu ndo inanisomea maneno yako. Kuchambua mbegu ni kazi kweli, lakini uliza nani alieichagua. Mtu akitaka mwenyewe hewallah, akipangiwa kwa kuwa watu wanaona tabu kumngoja basi huyo mumemuweka pembeni kwa adabu. Na hiyo njia si ya watu watatu, huyo mama mjamzito anopita na ndoo ya maji masika atapita wapi?

Sasa bi mkubwa wa Gando, kwa huyo mama asoona haihitaji boksi wala gunia, miguu na mgongo anao. Anahitaji kujua yuko wapi. Mie nlipolima na wenzangu tulifunga kamba ya usumba toka langoni, imepita kwenye vijiti kiunoni, na mbele ya kila tuta kamba ina fundo, fundo moja tuta la kwanza, mafundo mawili la pili, unakwenda nayo kwa mkono. Kichwani mwa tuta la kwanza tukapanda mrehani, la pili mchaichai, la tatu mnanaa, ukigusa jani tu unajua ulipo hata kamba ikiwa imekatika. Kupanda tulitumia ubao uliotobolewa matundu kwa kipimo kimoja, unaulaza juu ya tuta unatia mbegu kila tundu. Faida yake unaiona kwenye palizi: mchicha uko kwenye mstari, ukipapasa kikawa nje ya mstari ni gugu, ng'oa. Wenye macho walikuwa wanang'oa mboga kuliko mie 😂

Moja tu naomba, vyombo virudishwe mahala pake. Ndoo ikiachwa katikati ya njia mie ndo naiona kwa ugoko.

ukht_salma_micheweni
Kuhusu binti mwenye ualbino, mimi nnae mwanangu. Shida yake ni jua, na wengi macho yao hayaoni mbali, kazi yenyewe anaiweza. Msipange kazi saa nne mpaka saa kumi, pangeni alfajiri ikishatoka au baada ya alasiri, hata nyie wengine mtashukuru. Mikono mirefu na kofia pana, zile za ukili zinafaa, na banda la makuti juu ya kitalu cha miche, miche nayo inapenda kivuli, basi kitalu kiwe chake akisimamie. Mkubwa wa kitalu ni mtu mzito kwenye kikundi, asiniambie mtu kuwa hiyo ni kazi ya kukalishwa.

magongo_makunduchi
Natembelea magongo, nalima huku maweni kwenye mawe matupu nyie mna udongo mnalalamika 😄. Vyombo: jembe refu kwangu halina kazi, nakaa kwenye kigoda natumia kijembe kifupi. Mkono ukiwa hauna nguvu ya kukamata, zungushia mpini mpira wa ndani wa baskeli uwe mnene, hauponyoki. Maji, ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hakuna anoifurahia, tumieni madumu ya lita 5. Mkipata pipa liwekeni juu kilimani, juu ya matofali, jazeni kwa zamu, mpira ushuke mpaka matutani, mteremko unouchukia ndo unakufanyia kazi. Koki iwe ya kusukuma kwa mkono, si ya kuzungusha.

Lakini jambo nnaloliona kubwa hamjaligusa. Bi mkubwa, kwenye kamati yenu yumo hata mmoja kati yao? Asokuwepo na lake halipo. Mgao mnaugawa vipi, kwa matuta, kwa siku za kazi au kwa kichwa? Mkihesabu kwa ndoo za maji alizobeba mtu basi ami kila wiki atatoka na fungu dogo, na nyie mtajiona mnafanya haki. Andikeni kazi zote zina thamani, kitalu, palizi, kuuza, hesabu, kumwagia.

Na huyo kijana kiziwi mnazungumza nae vipi? Kama kikundi chenu cha WhatsApp ni sauti tupu yeye hana habari ya mkutano. Andikeni. Kwa mama asoona ndo mtume sauti. Fanyeni yote mawili, ni dakika moja.

ustadh_chwaka
La kugawa mgao nimelikubali. La njia bado nnaona gharama lakini haya.

kijana_wa_konde
Kiziwi nae mkajifunze alama mbili tatu, maji, jembe, njoo, simama, kesho. Yeye mwenyewe awafundishe, kila mkikutana alama chache, watoto wa skuli wataziokota kabla yenu. Na mkiwasiliana na UWZ, Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, wapo tangu 1985 na Pemba wapo, hata ushauri tu mtapata, pia sheha aambiwe mapema.

mama_wa_gando
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimewafuata wenyewe nikawauliza, maana kweli hatukuwahi kuwauliza. Ami kasema boksi si haja yake kwanza, anotaka ni lango, baskeli yake haipiti mpaka watu wainyanyue na yeye yumo juu, anaona haya. Na choo cha skuli kina kidaraja cha kupandia mlangoni, kwa hiyo siku ya bustani hanywi maji toka asubuhi ili asije akahitaji kwenda. Wallahi sikuwa najua. Mama asoona kaipenda habari ya kamba, na kasema anataka tuta la bamia, kwao walikuwa wakulima. Binti kasema kitalu anakitaka ila asikae peke yake kule, na kijana kaandika kwenye simu: "nataka kuuza sokoni, nyinyi mnauza rahisi". Kamati tumekubaliana ami na huyo kijana waingie. Sasa fundi, lango na choo kipi kitangulie kwa pesa ndogo?

fundi_mtambwe
Choo. Ami wetu asikae na kiu kutwa nzima kwenye jua. Kidaraja kama ni cha sentimita 15, mteremko wake unataka mita 1 na sentimita 80, saruji mfuko mmoja na mawe mnayo, ongeeni na mwalimu mkuu maana hata wanafunzi watautumia. Mlango wa choo nao upimeni, usiwe chini ya 80, na kama baskeli haiingii ndani basi wekeni kiti imara na bomba la kushikia toka mlangoni. Lango mlipanue liwe mita moja na kitu, pimeni baskeli yenyewe kwa upana kwanza, mikono yake ikiwa kwenye mpini wa kuzungusha, si baskeli tupu. Nitumie vipimo kabla hamjamwita mtu wa kuchomelea.