Naomba ushauri: gereji nataka niifanye chumba cha mama, kibali kinahitajika?

Binti Shangani: Wakubwa shikamooni. Niko Shangani, Mtwara mjini. Gari tumeuza, gereji imebaki stoo. Mama anahamia kwetu kutoka Newala, magoti yanamsumbua na ngazi za kuingilia nyumba kubwa haziwezi. Nataka kutoa geti la gereji, nijenge ukuta wenye dirisha na choo kidogo ndani. Fundi anasema tuanze tu, paa na kuta si zipo. Roho yangu inasita. Hati ni ya makazi na ramani ya awali ilipitishwa.

Fundi Rahaleo: Dada, usibomoe kitu kwanza. Ramani iliyopita inasema pale ni gereji. Ukiziba geti na kuweka choo umeibadilisha nyumba, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka ridhaa ya halmashauri kabla. Chukua hati, ramani ya zamani na risiti ya kodi ya ardhi, uende kwa Afisa Mipango Miji pale Manispaa ya Mtwara Mikindani. Mchoraji akuchoree hayo mabadiliko.

Mzee wa Mitwero: Mimi huku Lindi niliziba yangu kimyakimya. Ukuta ulipofika kwenye rinta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha, nikapigwa X ya kusimamisha ujenzi. Kazi ilisimama, saruji ikagandia stoo.

Binti Shangani: Pole sana mzee wangu. Na kama baadaye nikitaka kuifanya frem ya duka?

Fundi Rahaleo: Hilo ni jambo jingine. Kutoka makazi kwenda biashara unaomba kubadili matumizi ya ardhi, mlolongo wake ni mrefu. Mfikirie mama kwanza. Sakafu za gereji nyingi ziko chini na zina mteremko kuelekea getini. Mpandishie jamvi, yaani zege la sakafu, uweke na nailoni ya kuzuia unyevu, la sivyo mvua za Desemba zitamkuta kitandani. Gereji yako imegusa ukuta wa jirani?

Binti Shangani: Ndiyo, upande mmoja.

Fundi Rahaleo: Basi upande huo usitoboe dirisha. Toboa mbele na nyuma upepo wa bahari upite, joto la Mtwara unalijua.

Mama Ligula: Mwanangu, angalia karo la choo liko wapi kabla hujachagua pa kuweka choo. Gari la majitaka lazima lilifikie. Na mlango uwe mpana, magoti leo, kesho kiti cha magurudumu.

Binti Shangani: Asanteni sana. Fundi nimemwambia asubiri. Jumatatu naenda Manispaa na ramani mkononi.