Klachi ya Hilux inazama hadi chini, natoaje upepo mwenyewe nyumbani?

dagaa_mkavu
Mwangaluka wakuu. Nina Hilux ya zamani ya dizeli ndo inanibebea mzigo kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Juzi fundi kanibadilishia masta ya chini ya klachi (kile kipampu kinachosukuma klachi pale kwenye giaboksi), nimetoka pale freshi kabisa, ila kesho yake asubuhi pedeli imelala kwenye kapeti, namba moja haiingii na rivasi inakwaruza mpaka majirani wanachungulia. Nikipampu mara tano sita inapanda na gia inaingia, nikiiacha kidogo tu imelala tena. Fundi simu hapokei tangu jana. Spana ninazo, niko Mabatini hapa Mwanza, nataka nitoe upepo mwenyewe, inafanywaje?

spana_namba_kumi
Ukipampu inapanda ukiiacha inalala, mara nyingi ni upepo huo. Fluidi (mafuta ya klachi) haibonyei ila hewa inabonyea, kwa hiyo unakanyaga hewa tu huku masta ya chini haisogei vya kutosha, klachi haikati. Ila usikimbilie nati ya kutolea upepo, chungulia kikopo cha fluidi kwanza, kama fluidi imeshuka kuna mahali inavuja. Inua kile kiraba cha vumbi cha masta ya chini uone kama kumelowa, halafu ingiza mkono juu ya pedeli pale fimbo inapoingilia, vidole vikitoka vimelowa basi mgonjwa ni masta ya juu na utatoa upepo mpaka Krismasi.

Kukiwa kukavu zima gari, weka mawe kwenye matairi (Mwanza mawe hayanunuliwi), jaza kikopo. Chomeka mpira wa dripu kwenye nipo (ile nati ya kutolea upepo) ya masta ya chini, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye fluidi kidogo. Mwenzako akanyage taratibu mara tatu nne kisha ASHIKILIE chini, wewe legeza nipo nusu mzunguko, mapovu yatoke, KAZA, ndo anyanyue. Pedeli isiporudi aivute na mkono. Rudia hadi mapovu yaishe na kila baada ya raundi kadhaa angalia kikopo, kikikauka umeanza upya.

mtu_wa_nyegezi
Hapo kwenye fluidi soma mfuniko, hizo Hilux nyingi ni DOT 3, fluidi ileile ya breki. Usije ukaweka oili ya injini kama jirani yangu, raba zilivimba zote akanunua masta mbili kwa mpigo. Na lile kopo lililokaa wazi stoo tangu mwaka juzi achana nalo, fluidi inanyonya unyevu. Ikidondokea bodi mwagia maji haraka, inakula rangi.

gari_bovu
Kama huna msaidizi fungua nipo iache idondoke yenyewe robo saa hivi huku unaongeza juu, ila usisinzie. Mimi yangu iligoma nikapandisha fluidi kutokea chini kwa bomba kubwa la sindano la duka la dawa, hewa si inapenda kwenda juu, basi unaisaidia. Nyonya kwanza kikopo kipungue la sivyo kitafurika.

dagaa_mkavu
Nimerudi wakuu. Kukavu kote, kikopo kimeshuka kidogo sana. Msaidizi alikuwa binti yangu wa kidato cha pili, nusu saa nzima mapovu hayaishi nikaanza kumtukana fundi moyoni, kumbe kila nikisema "haya" yeye ananyanyua mguu kabla sijakaza, hewa inarudi ndani kupitia hapohapo. Tukakubaliana neno ni "achia" na yeye anajibu "nimeachia". Raundi ya nne ikatoka fluidi nyeusi kama chai ya rangi, likafuata povu moja kubwa ikatema pwaa, baada ya hapo safi. Pedeli imekaa juu, rivasi inaingia kimya. Fundi kapiga sasa hivi, sijapokea.